Wazee wa Queensbury na huzuni isiyopimwa

Katika makao ya wazee nchini Uingereza, siku huanza kwa vipimo. Muuguzi hutoboa ncha ya kidole kupima sukari, hufunga mkono kupima shinikizo la damu, na kila baada ya muda humpandisha mzee kwenye mizani. Kila nambari huandikwa katika daftari au katika kompyuta. Lakini lipo jambo moja lisilo na chombo cha kulipimia isipokuwa swali, na swali hilo mara nyingi haliulizwi: je, mzee huyu bado anaona raha ya kuishi?

Jambo hilo ni sonona, maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka. Makadirio yanayotumiwa nchini Uingereza ni kwamba huwapata watu wapatao 40 katika kila 100 wanaoishi katika makao ya wazee. Kwa wazee wote waliotimiza umri wa miaka 65, makadirio ni wanaume 22 na wanawake 28 katika kila 100.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, takwimu hizo zinaweza kuonekana kuwa habari ya watu wa mbali. Sivyo ilivyo katika kitongoji cha Queensbury, London, ambako baadhi ya wazee wanaozeeka walizaliwa Jinja, Kisumu, Mwanza na Mombasa.

Kitongoji kilichozaliwa na stesheni

Queensbury iko kaskazini magharibi mwa London, mpakani mwa halmashauri za Brent na Harrow. Jina lake si la kale. Stesheni ya reli ilipofunguliwa mwezi Desemba mwaka 1934, mahali hapo palihitaji jina. Stesheni jirani ilikuwa ikiitwa Kingsbury, jina lenye neno la mfalme ndani yake, basi hii mpya ikapewa jina lenye neno la malkia. Kandokando ya reli zikajengwa nyumba za ghorofa moja, zilizoungana mbili mbili, kila moja na bustani ndogo nyuma.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba hizo zilianza kupata wenyeji wapya. Nchini Kenya, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana Waasia wasiokuwa raia, na wengi wakaondoka kwa haraka kabla Uingereza haijawafungia mlango kwa sheria yake ya Machi 1968. Nchini Tanzania, mwaka 1971, serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha. Kisha Agosti mwaka 1972, Rais Idi Amin alitangaza kuwa Waasia wa Uganda wenye pasi za Uingereza wana siku 90 za kuondoka. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza, wengi wao wakiwa na mizigo michache na fedha kidogo sana.

Halmashauri ya mji wa Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko. Wengi walikwenda hata hivyo. Wengine walifuata jamaa zao London: Wembley, Kenton, Kingsbury na Queensbury. Huko walifungua maduka, wakafanya kazi viwandani na maofisini, wakanunua nyumba zile za kando ya reli.

Alama zao bado zinaonekana. Katika mikahawa ya eneo hilo huuzwa mihogo ya kukaanga, ikiitwa mogo. Jikoni mwa familia nyingi za Kigujarati zilizotoka Afrika Mashariki, kisu huitwa kisu, sufuria huitwa sufuria na fagio huitwa fagio. Mtoto aliyezaliwa London hukua akidhani hayo ni maneno ya Kigujarati.

Mtu aliyekuwa na miaka 30 alipoondoka Kampala mwaka 1972 alitimiza miaka 80 mwaka 2022. Hicho ndicho kizazi ambacho sasa kinafika katika milango ya makao ya wazee.

Kuhama tena

Wanaoingia katika makao si wengi. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa katika Uingereza na Wales, asilimia 2.5 tu ya watu waliotimiza miaka 65 walikuwa wakiishi humo. Kwa familia za Kiasia za Afrika Mashariki, ambazo zilizoea kuishi vizazi vitatu chini ya paa moja, hatua hiyo ni nzito zaidi. Mtoto huogopa kuambiwa kuwa amemtupa mzazi. Mzazi huogopa kuambiwa kuwa ametupwa.

Hata hivyo nyumba ya vyumba vitatu ina ngazi, mwana na mkwe wote wanafanya kazi, na mgonjwa wa kiharusi hawezi kuachwa peke yake kutwa nzima. Hatimaye uamuzi hufanywa, mara nyingi hospitalini, kwa haraka, wakati mzee mwenyewe ni dhaifu mno kutoa kauli.

Kwa mtu aliyewahi kufukuzwa nchini kwake, tukio hilo lina mwangwi. Mara nyingine tena anaambiwa achague vitu vichache vya kwenda navyo. Mara nyingine tena ufunguo wa nyumba unabaki mikononi mwa watu wengine. Sanamu au picha za ibada, ambazo zilikuwa na chumba chao, sasa zinapata nafasi juu ya kabati dogo karibu na vidonge.

Kwa bahati, kaskazini magharibi mwa London kumekuwapo makao yanayopika chakula cha Kihindi kisicho na nyama, na yenye wahudumu wanaosema Kigujarati. Hilo ni jambo kubwa. Mzee anayekula chakula asichokijua, asiyeweza kujua kama ndani yake mna nyama au mayai, ataacha kula, na watu watasema ni ugonjwa. Lakini dengu na chapati, pamoja na umuhimu wake wote, hazitoshi kumrudishia mtu sababu ya kuamka asubuhi.

Kizazi hiki pia hakikuzoea kulalamika. Mwaka 1976, katika kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, katika eneo hilo hilo la Brent, wafanyakazi ambao wengi wao walikuwa Waasia wa Afrika Mashariki waliingia katika mgomo uliodumu takriban miaka miwili. Aliyewaongoza, Jayaben Desai, aliwahi kuishi Tanganyika. Watu wa kizazi chake walijifunza kusimama mbele ya lango la kiwanda katika baridi na mvua. Wengi hawakujifunza kumwambia daktari kuwa wanalia usiku.

Maradhi mawili katika mwili mmoja

Watu wenye asili ya Asia ya Kusini nchini Uingereza wana uwezekano mara mbili hadi nne zaidi ya Wazungu kupata kisukari cha aina ya pili, na hukipata wakiwa na umri mdogo zaidi. Maradhi ya moyo nayo ni mengi kwao. Kwa hiyo mzee anayeingia katika makao akiwa na miaka 80 huenda ameishi na kisukari kwa miaka 30. Macho yamefifia, miguu imekufa ganzi, figo zimechoka.

Wataalamu wanaeleza kuwa sonona hutokea mara mbili hadi tatu zaidi kwa watu wenye maradhi ya kudumu kuliko kwa wenye afya njema. Baada ya kiharusi, karibu mtu mmoja katika kila watatu huipata. Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili. Maumivu na udhaifu huleta huzuni. Huzuni nayo huzidisha maumivu na udhaifu.

Chukua mfano wa mzee wa kufikirika, mwenye kisukari na anayedungwa sindano ya insulini. Amekata tamaa, anasukuma sahani pembeni. Sindano amekwisha kudungwa, chakula hakikuliwa, na saa chache baadaye sukari yake inashuka kwa hatari. Katika daftari litaandikwa tatizo la sukari. Huzuni iliyosukuma sahani haitaandikwa popote.

Ugumu mwingine ni kwamba dalili hufanana. Uchovu, kukosa usingizi, kupungua uzito na kukosa hamu ya chakula vyote vinaweza kuwa dalili za moyo ulioshindwa kusukuma damu vyema, na vyote vinaweza kuwa dalili za sonona. Daktari mwenye dakika kumi, na wagonjwa wengi wanaosubiri, hushika kile anachoweza kukipima. Na mara nyingi familia, wahudumu na mzee mwenyewe hukubaliana juu ya maelezo mepesi zaidi: ni uzee tu.

Si uzee tu. Wazee wengi si wagonjwa wa sonona, hata wale wenye maradhi mengi.

Lipo pia jambo moja linalowahusu hasa wazee wasiokula nyama. Metformin, dawa ya kisukari inayotumiwa sana, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini ikitumiwa kwa miaka mingi. Vitamini hiyo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mzee asiyekula nyama, samaki wala mayai, na aliyemeza metformin kwa miaka ishirini, yuko hatarini kuipungukiwa. Upungufu huo unaweza kuleta uchovu, ganzi, kusahau na huzuni. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kuichunguza hatari hiyo. Ni kipimo cha damu tu, na tiba yake ni rahisi. Lakini lazima mtu afikirie kuuliza.

Lugha ya moyo

Waingereza wana neno moja la kitabibu kwa maradhi haya, na wamelizoea. Katika lugha nyingine huzuni husemwa kupitia mwili. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa Wapunjabi wa mji wa Bedford, ambao walieleza dhiki zao kwa kusema kuwa moyo unazama. Daktari asiyejua maana hiyo humpeleka mgonjwa kupimwa moyo, na kipimo kikionyesha kuwa moyo ni mzima, kila mtu huridhika isipokuwa mgonjwa.

Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hili vyema. Mtu husema ana mawazo mengi, au roho imemwingia baridi, au mwili hauna nguvu. Ni wachache watakaosema wana sonona.

Tatizo huwa kubwa zaidi mzee anapoanza kupotewa na kumbukumbu. Mara nyingi lugha alizojifunza ukubwani hufifia kabla ya zile za utotoni. Mtu aliyefanya biashara kwa Kiingereza miaka 40 anaweza kubaki na Kigujarati au Kikachi peke yake. Na kwa wale waliozaliwa Afrika Mashariki, pamoja na lugha ya nyumbani huweza kuchomoza Kiswahili, lugha ya mtaani, ya sokoni na ya yaya aliyewabeba.

Upande wa pili wa kitanda, mara nyingi, amesimama mhudumu aliyetoka Afrika. Makao ya wazee ya Uingereza yamewategemea sana wafanyakazi wa kigeni. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya mwaka 2021, na mwezi Februari mwaka 2022 Uingereza ilifungua viza maalumu kwa wahudumu wa makao, mlango ambao iliufunga tena kwa waombaji wapya kutoka nje mwezi Julai mwaka 2025. Hivyo inatokea kuwa mzee aliyezaliwa Kisumu anaogeshwa na kijana aliyezaliwa Kisumu, miaka 60 baada yake.

Kukutana huko si kwepesi kama kunavyoonekana. Kiswahili ambacho baadhi ya wazee hao walikitumia ujanani kilikuwa Kiswahili cha tajiri na mtumishi: lete chai, fagia hapa, njoo upesi. Sasa anayepewa amri alikuwa mtoa amri. Anayeambiwa ainue mkono, ageuke, afungue mdomo, ni yeye. Zipo kumbukumbu ambazo mhudumu wa Kiafrika anaweza kuzisikia katika sauti hiyo na zikamchoma. Na zipo aibu ambazo mzee anaweza kuwa nazo asiweze kuzitamka.

Hata maneno ya heshima yanaweza kupishana. Kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, kaka ni baba mdogo au mkubwa, na mama ni mjomba. Mhudumu anayemsikia mzee akimwita dada mtu asiyeonekana anaweza kudhani anamwita mwanamke.

Lakini Kiswahili kina hazina nyingine, na hiyo ndiyo inayofaa hapa. Salamu yake haimaliziki kwa neno moja. Umeamkaje, mzee wangu? Umelala vipi? Mwili unasemaje? Kwa asiyejua, hayo ni maneno ya adabu. Kwa mgonjwa, hayo ni karibu maswali yale yale ambayo mtaalamu wa sonona huanza nayo, ilimradi muulizaji asimame asubiri jibu.

Kinachosaidia na kisichosaidia

Sonona inatibika, hata uzeeni. Kwa mgonjwa wa sonona kali ambaye akili yake bado ni timamu, dawa na tiba ya mazungumzo vimesaidia wengi. Lakini katika makao ya wazee, utafiti wa karibuni umeleta unyenyekevu.

Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 326 waliokuwa na sonona pamoja na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Waliopewa dawa mbili zinazotumiwa sana hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 2013 jarida hilo hilo lilichapisha matokeo kutoka makao 78, ambako baadhi ya wazee walipewa mazoezi ya mwili mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, yakiongozwa na wataalamu wa tiba ya viungo. Huzuni haikupungua.

Matokeo hayo hayana maana kuwa mzee aache dawa au asitembezwe. Dawa haipaswi kuachwa bila ushauri wa daktari. Maana yake ni kuwa hakuna kitu kimoja kinachoweza kuletwa kutoka nje, kikagawiwa kwa wote sawasawa, kikaondoa huzuni.

Mwaka 2018 ulitolewa utafiti mwingine, uliofanywa katika makao 69. Safari hii wahudumu walifundishwa kumjua kila mkazi kama mtu: alikuwa nani, alipenda nini, nini kinamtia hofu. Waliongeza muda wa kuzungumza naye na kufanya naye jambo analolipenda, huku dawa za kutuliza zikikaguliwa upya. Miongoni mwa wakazi wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ubora wa maisha uliongezeka na fadhaa ikapungua.

Miongozo rasmi ya Uingereza nayo inasema hivyo. Mwongozo wa mwaka 2009 uliwataka madaktari kuwauliza wagonjwa wa maradhi ya kudumu kuhusu huzuni. Ule wa Desemba 2013, unaohusu makao ya wazee hasa, unataka wahudumu wafundishwe kuzitambua dalili, na wakazi wapate shughuli zenye maana kwao. Zipo pia orodha fupi za maswali, mojawapo yenye maswali 15 ya kujibiwa ndiyo au siyo, na nyingine iliyotungwa mwaka 1988 kwa ajili ya wale wasioweza tena kujieleza, ambayo hujazwa kwa kumtazama mgonjwa na kumuuliza anayemhudumia. Chombo kipo. Kinachokosekana ni muda, na mara nyingi lugha.

Kwa jamaa walio mbali

Msikilizaji mwenye mzazi au jamaa katika makao, awe Queensbury, Toronto au kwingineko, ana kazi ambayo muuguzi hawezi kumfanyia. Yeye ndiye anayejua mzee alivyokuwa kabla. Akigundua kuwa mzee aliyependa kusikiliza kriketi hasikilizi tena, aliyekuwa akisali kila alfajiri hasali tena, au anayepigiwa simu anaitika neno moja na kunyamaza, basi amwambie muuguzi mkuu wa makao, na aombe daktari amchunguze mzee kwa sonona. Aombe pia damu ipimwe, dawa zote zipitiwe, na kifaa cha kusikilizia kikaguliwe, kwani betri iliyokwisha imewafungia wengi katika ukimya. Mzee akisema kuwa ni afadhali afe, kauli hiyo isichukuliwe kuwa mazungumzo ya uzee. Daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Mwezi Machi mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, milango ya makao ya Uingereza ilifungwa kwa wageni, na wazee wengi walifariki bila kushikwa mkono na watoto wao. Kumbukumbu hiyo ilichangia kuletwa kwa kanuni iliyoanza kutumika mwezi Aprili mwaka 2024, ambayo inayataka makao nchini humo kuruhusu wakazi watembelewe, isipokuwa kwa sababu za pekee. Kutembelewa sasa ni haki inayolindwa.

Jambo hili halikomei London. Zanzibar ina makao ya wazee ya Sebleni na Welezo, na miji ya Afrika Mashariki inakua, vijana wanahama, na vizazi vitatu chini ya paa moja vinapungua huko pia. Kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka. Waswahili walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi yanayofichwa hapa hayafichwi kwa makusudi. Yanafichwa na maradhi mengine, na lugha, na heshima, na dhana kuwa mzee kuhuzunika ni kawaida.

Wazee wa Queensbury walipoteza nchi, wakaanza upya, wakalea watoto waliosoma na kufanikiwa. Wanapotunzwa mwishoni mwa safari hiyo, sukari yao itapimwa kila asubuhi, na ni vyema ipimwe. Baada ya hapo muuguzi, mhudumu au mtoto anaweza kuvuta kiti, akauliza kwa lugha ambayo mzee anaweza kujibu, na jibu hilo nalo likaandikwa.